Kisukari cha mimba: kiwahi kabla hakijakuwahi

Wengi wetu tunaanza kukifikiria kisukari cha mimba siku ile kliniki wanakwambia kesho uje hujala kitu unywe yale maji ya sukari, na hapo mimba ishafika wiki ya 24 au hata 28, yaani ule muda wenyewe wa kukizuia umeshapita kwa sehemu kubwa. Ndo maana huu mwongozo nimeupanga kwa kufuata umri wa mimba na sio orodha ya vyakula vya kula na vya kuacha. Kama ndo kwanza unapanga kubeba, au mimba bado changa, upo pazuri sana. Ukiwa umeshavuka hapo endelea kusoma tu, mengi bado yanasaidia sukari isipande hovyo.

Ila tuelewane kwanza, hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba hutakipata. Wapo wembamba wanaokula vizuri na mazoezi wanafanya na bado kikawapata, na wapo wasiojali chochote wakavuka salama. Tunachofanya hapa ni kupunguza uwezekano. Kwahiyo ukifuata yote alafu kipimo kikasema unacho, usianze kujilaumu wala usikubali mtu akulaumu.

Kinatokeaje, kwa kifupi

Mimba inavyokua, kondo la nyuma linamwaga homoni zinazofanya mwili wa mama uwe mzito kuitikia insulini, ile homoni inayoitoa sukari kwenye damu. Hiyo sio hitilafu, mwili umejipanga hivyo ili sukari ikae kwenye damu muda mrefu kidogo na mtoto apate chake. Kongosho linajibu kwa kutengeneza insulini nyingi zaidi, na kwa wanawake wengi linaumudu huo mzigo, ila kwa baadhi linazidiwa na sukari inapanda. Hizo homoni zinashika kasi kuanzia nusu ya mimba, kama wiki ya 20 hivi, ndo maana kipimo wamekiweka wiki ya 24 mpaka 28. Mambo yote utakayofanya kabla ya hapo yana kazi moja tu, mwili uwe unaitumia insulini vizuri kabla huo mzigo haujaongezeka.

Na usisubiri dalili maana mara nyingi hazipo. Kiu, kukojoa sana, kuchoka, ni nani mjamzito hana hayo? Madhara yake sasa ndo yapo: mtoto kuwa mkubwa kupita kiasi, uzazi mgumu au kuishia kwenye upasuaji, mtoto kushuka sukari akishazaliwa, mama kupata presha ya mimba, na miaka ya mbele mama kupata kisukari cha aina ya 2.

Hatua ya 1: jua upo kundi gani

Hii unaifanya leo leo, haihitaji hela. Jiulize: mimba iliyopita uliwahi kuambiwa una sukari? Uliwahi kujifungua mtoto wa kilo 4 na kitu? Mama, baba, dada au kaka yako wa tumbo moja ana kisukari cha aina ya 2? Una PCOS, ile ya hedhi kuvurugika na vivimbe vidogo vingi kwenye ovari? Uzito wako kabla ya mimba ulikuwa juu, tuseme BMI ya 25 kwenda mbele na hasa 30? (BMI unaipata kwa kuchukua kilo zako ukagawanya kwa urefu wako wa mita, alafu jibu unaligawa tena kwa urefu huohuo.) Umri umevuka miaka 35? Umebeba mapacha? Unatumia dawa za steroidi kwa muda mrefu?

Ukijibu ndiyo hata moja, hasa hiyo ya kwanza, usisubiri wiki ya 24. Siku ya kwanza ya kliniki sema mwenyewe "naomba nipimwe sukari sasa hivi", maana usipojieleza wanaweza kukupanga kwenye ratiba ya kawaida kama wengine. Kipimo cha mapema kinasaidia pia kugundua kama ulikuwa na kisukari hata kabla ya kubeba na hukujua, na hilo ni jambo jingine kabisa lenye matibabu yake. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikisoma 7.0 mmol/L (kizio cha kupimia sukari kwenye damu) au zaidi, au kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, HbA1c, kikasoma asilimia 6.5 au zaidi, hicho kinahesabiwa ni kisukari kamili na sio cha mimba.

Hatua ya 2: kama bado hujabeba, anzia hapa

Ukiniuliza mimi, hii ndo hatua yenye faida kuliko zote na ndo ambayo hakuna anayeifanya. Kama uzito upo juu, kupunguza asilimia 5 mpaka 10 tu kunabadilisha namna mwili unavyoitumia insulini. Kwa mtu wa kilo 80 hiyo ni kilo 4 mpaka 8, sio lazima urudi saizi ya ulivyokuwa binti. Ila ipunguze kabla ya mimba, ukishabeba hakuna tena kujipunguza, usijinyime kula na usifunge ili upungue.

Anza pia kutembea sasa hivi mwili uzoee, maana kuanza mazoezi ukiwa na kichefuchefu cha miezi ya mwanzo ni kazi kwelikweli. Foliki asidi mikrogramu 400 kila siku nayo ianze kabla hujabeba. Hiyo haihusiani na sukari, ni kwa ajili ya uti wa mgongo na ubongo wa mtoto, lakini watu wanaisahau kwahiyo naichomeka hapa.

Hatua ya 3: panga sahani, usifute wanga

Kosa ninaloliona sana ni mtu kusikia "sukari" tu anakimbilia kufuta wanga wote. Usifanye hivyo. Mjamzito anahitaji wanga kama gramu 175 kwa siku, ubongo wako na wa mtoto vinaitegemea glukosi, ile sukari inayotoka kwenye wanga. Tunachotaka ni wanga wa aina nzuri, uliogawanywa vizuri, na usile peke yake.

Chukua sahani ya kawaida, sio ile kubwa ya kupakulia. Nusu yake jaza mboga, za majani na nyingine zisizo na wanga mwingi kama kabichi, bilinganya, matango, nyanya, karoti. Robo weka protini, yaani samaki, kuku, mayai, nyama isiyo na mafuta mengi, maharage au dengu. Robo inayobaki ndo ya wanga, na ukiweza uwe wa nafaka zisizokobolewa au mchele wa brauni au viazi vitamu badala ya vitu vyeupe. Mafuta kidogo, na ya mimea ni bora. Ukishapakua iangalie hiyo sahani, kama cha kwanza unachokiona ni kilima cha wanga na mboga zimebanwa pembeni, umekosea, punguza urudishe.

Kuna ujanja mmoja mdogo ambao haukugharimu kitu, anza kula mboga na protini, wanga uumalizie mwishoni. Chakula ni kilekile, ila sukari inapanda taratibu zaidi.

Mlo wa asubuhi uangalie kwa jicho la pekee. Asubuhi mwili wa mjamzito unakuwa mgumu zaidi kuisikia insulini, na bahati mbaya ndo muda ambao tunakula chai ya sukari, mkate mweupe, jamu, maandazi, vyote wanga mtupu. Ukibadilisha mlo mmoja tu kwa siku badilisha huo. Mayai mawili na kipande kimoja cha mkate wa brauni na nyanya za kukata, au maziwa mtindi usiotiwa sukari na karanga kiganjani na tunda dogo, au hata maharage yaliyobaki jana usiku, nani kasema maharage hayaliwi asubuhi? Utashiba mpaka saa sita mchana na hutakuwa na ile njaa ya saa nne inayokupeleka kwenye biskuti.

Gawanya siku iwe milo mitatu ya wastani na vitafunwa viwili au vitatu vidogo katikati. Ukiruka mlo utaufidia baadae kwa kula mara mbili yake, na hapo ndo sukari inaruka juu. Matunda kula, tena kula, ila moja kwa wakati, la ukubwa wa ngumi yako, na ulitafune zima badala ya kulisaga au kulikamua.

Kuna utafiti wa Hispania uliotoka 2017, wanawake walianzishwa mapema, kati ya wiki ya 8 na 12, wakala mboga, samaki, nafaka nzima, wakaongezewa mafuta ya zeituni na pistachio. Waliopata kisukari cha mimba walikuwa asilimia 17.1, wakati kundi la pili walikuwa asilimia 23.4. Sio muujiza, lakini kupungua kumepungua, na hakuna aliyefutiwa wanga.

Alafu ile ya "kula kwa ajili ya watu wawili" tuiache. Miezi mitatu ya kwanza huhitaji nyongeza yoyote ya maana. Miezi ya katikati ni kama kalori 340 kwa siku juu ya kawaida yako, ya mwisho kama 450, yaani kitafunwa kimoja kizuri au viwili, sio sahani ya pili.

Na kama sasa hivi unatapika kila kitu, yasome haya yote uyaweke pembeni. Kula kinachokaa tumboni, hata kama ni mkate mkavu, utajipanga kichefuchefu kikishapoa. Ukiwa hata maji hayakai nenda hospitali.

Hatua ya 4: acha kunywa sukari

Hii fupi. Soda moja ya mililita 330 ina sukari kama gramu 35, zaidi ya vijiko vinane vya chai, na inaingia kwenye damu haraka kwa sababu hakuna cha kuichelewesha. Juisi hata ukiikamua mwenyewe nyumbani nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio, ulichonacho kwenye glasi ni maji na sukari ya matunda manne matano ambayo usingeyala kwa mkupuo. Asali ni sukari, sukari ya brauni nayo ni sukari, usidanganyike na rangi. Kunywa maji, maziwa yasiyotiwa kitu, chai isiyo na sukari au punguza kijiko kimoja kila wiki mpaka ulimi uzoee.

Hatua ya 5: tembea, na chagua muda wa kutembea

Lengo ni dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, mfano nusu saa siku tano. Kipimo cha "wastani" ni rahisi, unaweza kuongea ila huwezi kuimba. Ukiweza kuimba ongeza mwendo, ukishindwa kuongea punguza. Kutembea haraka, kuogelea, baiskeli ya kusimama ndani, mazoezi mepesi ya kukaza misuli, vyote sawa. Misuli ikifanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu hata bila kusubiri insulini, ndo siri yenyewe hiyo.

Kama nusu saa huipati, gawa. Dakika 10 au 15 baada ya kila mlo zinakupa hiyo nusu saa na zaidi, na zinakuja muda ule ule ambao sukari inapanda. Umemaliza kula, badala ya kukaa kwenye kochi na simu, zunguka nje, panda shuka ngazi, hata kuosha vyombo ukiwa umesimama na kupanga nyumba ni bora kuliko kujilaza. Kama ni kitu kimoja tu unataka kuchukua kwenye mwongozo mzima chukua hiki, maana watu wanaacha mazoezi kwa kisingizio cha muda na hiki hakihitaji hata kubadilisha nguo.

China waliwaendesha baiskeli za ndani wanawake wenye uzito mkubwa, mara tatu kwa wiki, angalau nusu saa, wakianza kabla mimba haijatimiza wiki 13. Matokeo yalitoka 2017: asilimia 22 ndo walipata kisukari, na wale ambao hawakuwekwa kwenye mazoezi ni asilimia 40.6. Sasa linganisha na utafiti mkubwa wa Uingereza wa 2015, wanawake zaidi ya 1,500 wenye unene, walianza kufundishwa chakula na mazoezi wiki ya 15 mpaka 18, na idadi ya waliopata kisukari haikupungua. Finland nao 2016 walichukua waliowahi kukipata au wanene, wakawaanzisha kabla ya wiki ya 20, ikawa asilimia 13.9 dhidi ya 21.6. Tafiti hazifanani kwa kila kitu, lakini mimi nikiziangalia zote pamoja nasoma kitu kimoja, anza mapema, na ufanye kweli, kusikiliza ushauri tu hakutoshi.

Kabla ya kuanza muulize mkunga au daktari kama upo kwenye kundi la wasioruhusiwa: kondo limekaa chini kwenye njia, mlango wa kizazi umelegea au umeshonwa, chupa imepasuka, unatokwa damu, una presha ya mimba kali, au damu ipo chini sana. Michezo ya kugongana au kuanguka anguka, kupiga mbizi kwa mitungi ya hewa na mazoezi kwenye joto kali acha kabisa, na baada ya miezi ya mwanzo usilale chali muda mrefu ukifanya zoezi. Ukiwa katikati ya zoezi ukaona damu, maji yanatoka ukeni, kizunguzungu, kifua kinauma, mguu mmoja umevimba na kuuma, au tumbo linakaza kwa mpangilio na maumivu, simama hapohapo uende ukaangaliwe.

Hatua ya 6: fuatilia kilo zinavyopanda

Pima uzito wako mwanzoni kabisa uandike. Makadirio yanayotumika sana ni haya, kwa mimba ya mtoto mmoja: BMI chini ya 18.5 uongeze kilo 12.5 mpaka 18, ya 18.5 mpaka 24.9 kilo 11.5 mpaka 16, ya 25 mpaka 29.9 kilo 7 mpaka 11.5, na 30 kwenda juu kilo 5 mpaka 9. Kinachoangaliwa zaidi kwa habari ya sukari ni hizo kilo za miezi ya mwanzo, ukiona umeongeza kilo 5 na mimba haijafika miezi mitatu basi rudi Hatua ya 3 na ya 4. Usijipime kila siku, utajitia wazimu bure, mara moja kwa wiki asubuhi inatosha.

Hatua ya 7: usingizi, sigara na vitu vya kumeza

Lala masaa saba au zaidi ukiweza, kulala kidogo usiku baada ya usiku kunaendana na sukari kupanda. Kama unakoroma sana na kuamka umechoka, litaje kliniki. Sigara acha, kwa sababu hii na nyingine mia.

Vidonge vya metformin, dawa ya kisukari, vimejaribiwa kwa wajawazito wanene kwa nia ya kuzuia na havikuzuia, kwahiyo usiazime vya mtu. Mitishamba ya "kushusha sukari" nayo iache, hujui imechanganywa nini na mtoto yumo ndani.

Hatua ya 8: siku ya kipimo

Siku tatu kabla kula kama kawaida yako, wanga ukiwemo. Kuna watu wanajinyima wiki nzima ili "wafaulu", kumbe kujinyima wanga kunaweza kufanya majibu yasomeke juu zaidi, na hata yakisomeka chini umemdanganya nani? Usiku kaa bila kula kwa angalau masaa 8, maji ruksa. Wakishakutoa damu ya kwanza unapewa glukosi gramu 75 kwenye maji, unainywa ndani ya dakika 5, ni tamu ya kuchefua, ikiwa baridi inapita vizuri kidogo. Kisha unakaa. Usizunguke zunguke wala usile kitu, damu inachukuliwa tena baada ya saa 1 na saa 2. Ukitapika sema, usinyamaze, kipimo kitarudiwa siku nyingine.

Viwango vinavyotumika na Shirika la Afya Duniani, kwa mmol/L: kabla ya kunywa 5.1, baada ya saa 1 ni 10.0, baada ya saa 2 ni 8.5. Kikifika au kupita hata kimoja, unahesabiwa unacho. Sehemu nyingine wanaanza na gramu 50 bila kufunga, wakiona ipo juu ndo wanakuita kwa kipimo cha gramu 100 cha masaa 3, viwango vyao ni tofauti, kwahiyo usilinganishe namba zako na za rafiki yako aliyepimwa kwingine.

Ukikutwa nacho, hatua ya 3 mpaka ya 5 ndo zinakuwa matibabu yako ya kwanza, unaongezewa mashine ya kujipima na ikibidi dawa au insulini. Baada ya kujifungua nyonyesha ukiweza, na wiki ya 6 mpaka 12 rudi upimwe tena hata kama unajisikia mzima kabisa, alafu uwe unarudia kila baada ya mwaka mmoja mpaka mitatu. Mimba nyingine ikija, hiyo taarifa ya sukari iwe kitu cha kwanza kumwambia mkunga, hata kabla hajakuuliza hedhi ya mwisho ilikuwa lini.